Trei ya Kilimani

Miaka thelathini na moja nimesimama nyuma ya kaunta ya bekari ya Lovie, hapa Portgarvie, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia mteja akisifu rowi. Kununua wananunua. Wanapanga foleni kabla sijafungua mlango, mvua ya baharini ikiwapiga ubavuni, halafu ukiwauliza za jana zilikuwaje wanakutazama kana kwamba umewauliza walilala na nani. "Zililika," watasema. Jockie Mair, aliyekuwa nahodha kabla magoti hayajamsaliti, ana jibu lake la siku zote: "Hazijaniua bado." Hayo kwetu sisi ndiyo maua.

Na rowi yenyewe haiombi sifa. Ni mkate bapa wa chumvi na mafuta ya nguruwe, uliokunjwa na kukandamizwa mpaka ukawa tabaka tabaka, mgumu ukingoni, laini katikati. Sura haina. Mgeni akiiona mara ya kwanza hudhani mtu ameukalia mkate wake. Unaigeuza upande ulio sawa uje juu, unapaka siagi, unakula na chai kali. Mimi nimezila tangu sijaota meno na hadi leo siwezi kukuambia kama ni tamu. Ninachojua ni kwamba nikikaa siku tatu kwa dada yangu Glasgow, ambako asubuhi wanakula soseji zao za mraba na kujiona wamefika, naanza kugombana na kila mtu, hata paka.

Aliyezioka ni Dod Lovie. Alianza akiwa na miaka kumi na minne, akimsaidia baba yake, na alikuwa bado anazioka akiwa na sabini na nne, siku ile ya Februari alipoketi ghafla juu ya gunia la unga na kuniambia, "Ina, zima tanuri." Nilizima tanuri kwanza, ndipo nikapiga simu kuita gari la wagonjwa. Nilijua angenigombeza kama zingeungua.

Moyo. Hakufa, lakini alirudi kutoka hospitali akiwa nusu ya mtu aliyeondoka. Binti yake wa pekee, Elspet, aliacha kazi yake ya ofisini Edinburgh, akaja na masanduku mawili, akafunga aproni ya baba yake na kushika bekari. Alikuwa amefundishwa kuoka tangu utotoni, kwa hiyo sikushangaa. Nilichoshangaa ni kwamba hakuuliza mtu. Jumatatu alifika, Jumanne harufu ikatoka kwenye bomba la moshi kama kawaida, na foleni ikajipanga.

Daktari alikuwa amempa Dod karatasi. Upande mmoja vyakula vya kula, upande wa pili vya kuacha, na upande wa pili ulikuwa asubuhi yote ya mtu wa kwetu. Soseji ya damu, hapana. Bekoni, hapana. Samaki wa moshi, hapana. Chapati za viazi za kukaanga, hapana. Rowi haikuwa imechapishwa, kwa sababu karatasi ilitoka mbali, lakini daktari ni mtoto wa huku huku. Aliiandika kwa mkono wake chini kabisa na kuipigia mistari miwili. Kilichobaki kilikuwa uji wa shayiri bila chumvi.

"Bila chumvi?" Dod alisema. "Hiyo ni gundi. Nipeni na brashi, nikabandike mabango."

Tulicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Uji aliuonja siku mbili, akauacha. Siku ya tano alikuwa anakunywa chai tu. Wiki ya pili shati lilimning'inia, na Elspet akaanza kushuka kilimani kila asubuhi macho yakiwa mekundu. Nyumba yao iko juu kabisa, mwisho wa njia, na Dod alikuwa amekatazwa kilima kile. Hata asingekatazwa, Elspet asingemruhusu kukanyaga bekari, maana angenyanyua gunia kabla hujamaliza kumwamkia.

Asubuhi moja nikamkuta Elspet na trei ndogo pembeni. Rowi sita.

"Hizi za nani?"

"Onja, shangazi." Undugu hatuna, ndivyo anavyoniita tu.

Nikaonja. Ilikuwa sawa na kutafuna bahasha. Hakuna chumvi hata chembe, mafuta ya nguruwe hakuna, ametia mafuta kidogo ya mbegu, na juu amepaka maji ya kimea ili zipate rangi ile ile. Kwa macho hukuweza kuzitofautisha.

"Nimemwambia baba kwamba daktari amelegeza kamba," akasema. "Rowi mbili kila asubuhi. Atadhani ni zile zile."

"Baba yako? Ameoka miaka sitini, mwanangu."

"Ana njaa wiki kadhaa sasa, na dawa zinamharibia ulimi. Atakula." Akanishika mkono. "Hili libaki kati yetu, shangazi. Akijua, atazikataa hizi na kutaka zile. Halafu tutamzika."

Nikaapa. Na kweli Dod akala. Alizila zote mbili, akafuta mdomo, akasema, "Nzuri sana, mwanangu." Mwili ukaanza kurudi. Sisi wawili chini tukaiita trei ile "trei ya kilimani", na kila siku Elspet aliamka nusu saa kabla ya wakati kuitengeneza kabla hajagusa unga wa mji mzima. Yeye aliipeleka siku nyingi, na mimi nikachukua Jumatano na Ijumaa.

Mimi nami nikaona nichangie. Kila mteja aliyesema anapanda kumjulia hali Dod, nilimvuta pembeni. "Msifieni rowi za binti yake," nikawaambia. "Semeni maneno matamu. Moyo wake unahitaji kutulia." Wengine waliguna, maana si kazi tuliyoizoea, lakini walikubali. Nilijiona mtu wa maana sana.

Miezi saba ikapita hivyo. Kisha ikaja Jumatano moja ya Oktoba, nikapanda na kikapu changu, nikamkuta Dod amevaa koti na tai, ameketi mezani. Mbele yake palikuwa na karatasi na kalamu.

"Kaa chini, Ina."

"Foleni inanisubiri."

"Foleni imekusubiri miaka thelathini. Kaa."

Nikakaa. Akaigeuza karatasi nione. Ilikuwa barua ya kampuni fulani ya mjini, ya mikate inayookwa na mashine na kusafirishwa kwa lori. Walitaka bekari yetu. Wangekuja Ijumaa saa nne, na walihitaji shahidi wa kutia saini pamoja naye.

"Watu hawa hawaoki," nikasema.

"Hawaoki. Watauza."

"Na Elspet?"

"Elspet atarudi Edinburgh kwenye kazi yake ya heshima kabla hawajamsahau." Akashusha sauti kama mtu anayetoa habari za msiba. "Hana mkono, Ina."

Akachukua rowi moja niliyokuwa nimemletea, akaikata katikati kwa kisu cha mkate, akanionyesha ndani.

"Angalia. Tabaka liko wapi? Chumvi iko wapi? Miezi saba nimekula hii nikisema kesho atapata, kesho kutwa atapata. Hapati. Ningekuwa nimemfundisha vibaya ningejilaumu mwenyewe, lakini nilimfundisha vizuri. Ni mkono tu. Mwingine anazaliwa nao, mwingine hapana."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini?" Macho yalimlowa, akakunja uso kwa hasira. "Ameacha kazi. Ameacha nyumba. Kuna kijana alikuwa naye, sijui kaishia wapi, siulizi. Anapanda hapa na unga kwenye nyusi, anasimama pale mlangoni kunitazama nikitafuna. We ungemwambia?"

"Lakini watu wananunua, Dod! Foleni iko pale pale."

"Wananunua kwa huruma." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Jockie Mair alikaa hapo ulipokaa wewe, akaniambia rowi za binti yangu ni tamu ajabu. Jockie! Mtu ambaye siku ya harusi yake aliulizwa mkewe anamwonaje akasema atafaa. Mke wa mchungaji akaniambia zinayeyuka mdomoni. Tangu lini rowi ikayeyuka mdomoni? Wale dada wawili wa posta wakasema hawajapata kula kitu kama kile. Hilo angalau ni kweli." Akasukuma sahani. "Watu wa hapa wakianza kukusifu, Ina, ujue jeneza limeshapimwa. Mji mzima unajua kwamba mwanangu hawezi, na mji mzima unanificha. Sitamwacha asimame pale mpaka siku foleni itakapokatika na yeye aone. Bora mimi niwe mbaya, niuze, anilaumu mimi."

Yale maneno matamu yote yalikuwa yangu. Niliyapanda mwenyewe, moja moja, juu ya kaunta, na mzee wa watu alikuwa ameyavuna na kuyasoma jinsi mtu yeyote wa Portgarvie angeyasoma. Kama wangemwambia "zililika" angelala usingizi mzuri.

"Labda ni dawa," nikajaribu. "Zinaharibu ulimi."

"Ulimi wangu mzima. Chai naisikia, jibini naisikia. Utatia saini?"

"Ijumaa," nikasema, ili nipate pumzi.

"Na Elspet asijue. Nitamwambia mwenyewe ikishakwisha. Niapie."

Nikaapa tena. Nilishuka kilima nikiwa na viapo viwili, kila kimoja kikiniziba mdomo kwa upande wake, na kikapu kitupu.

Elspet alikuwa anasugua meza. Nilimtazama mikono ile, myekundu mpaka kwenye viwiko, ikienda na kurudi. Juu ya rafu palikuwa na rowi nne zilizobaki za mji. Nikachukua moja nikaivunja. Tabaka zikaachana kwa sauti, chumvi ikanipanda hadi masikioni. Nilikuwa nimekula za Dod miaka thelathini, na ukitaka ukweli wangu, hizi zilikuwa nzuri kuzishinda. Sikumwambia. Sikuwa nimewahi kumwambia, hata mara moja, na ndipo kwanza nilipoliona hilo.

"Baba yako anasemaje siku hizi kuhusu trei yake?"

"Anasema nzuri sana." Hakuinua uso. "Kila siku. Nzuri sana, mwanangu."

"Si vizuri hivyo? Ujanja wako umefaulu."

"Ndiyo," akasema, akaendelea kusugua pale pale palipokwisha kuwa safi.

"Elspet, tuseme tungemwambia ukweli."

Akatupa kitambaa. "Shangazi, tusiyarudie. Amepata kilo sita. Daktari anasema moyo umetulia. Unataka nimpe mafuta na chumvi ili niambiwe naoka vizuri?"

Sikumwelewa, nilidhani ni uchovu.

Alhamisi nzima nilihudumia watu bila kuwaona. Niliwaza mengi na sitadai yote yalikuwa ya heshima. Niliwaza kaunta yangu pia, na lori likishusha mikate ya mifuko ya plastiki mlangoni petu. Lakini zaidi nilimwaza Dod. Nikajiuliza ni lipi linaua upesi zaidi, mafuta ya nguruwe au kuamini kwamba mwanao hawezi kitu ulichokifanya maisha yako yote. Daktari hakuwa na safu ya hilo kwenye karatasi yake. Mimi si daktari, na kama angekula ile rowi na kuanguka mbele yangu, ningeishi vipi? Nilikasirika. Nilimkasirikia Elspet kwa mapenzi yake ya kimya kimya, nikamkasirikia Dod kwa yake, nikajikasirikia mimi kwa kuwa mjanja. Watu wazima watatu, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake sentensi moja iliyonyooka.

Ijumaa asubuhi, Elspet alipokwenda nyuma kushusha trei, nilichukua rowi moja ya mji, ya moto, nikaifunga kwenye karatasi na kuitia kikapuni pamoja na zile mbili za kilimani.

Dod alikuwa tayari amevaa tai. Nikaweka sahani mbele yake, na juu yake rowi moja tu.

"Kula hii kabla wageni hawajaja."

"Mbona moja leo?"

"Kula, mzee. Usiniulize."

Akaigeuza upande, akapaka kile kidogo anachoruhusiwa badala ya siagi, akauma.

Akaacha kutafuna. Akanitazama, akaendelea kutafuna polepole sana, akameza. Akaiinua hadi dirishani, akaitazama ukingo, akaibonyeza kwa dole gumba na kuiangalia ikirudi. Akauma tena. Sikuweza hata kukaa.

"Hii imetoka wapi?"

"Chini."

"Nani kaoka?"

"Unadhani nani? Mimi? Mimi hata yai la kuchemsha naliunguza. Elspet ndiye aliyeoka. Ndizo anazooka kila siku tangu alipokuja. Ndizo mji unazokula."

Nikatoa zile mbili za kilimani na kuziweka pembeni. "Hizi ni zako peke yako. Hazina chumvi, hazina mafuta. Anaamka kabla ya wakati kukutengenezea, kwa sababu ulikataa kula na yeye aliogopa. Haya, nimevunja kiapo. Kama ni kunifukuza, nifukuzeni wote wawili."

"Na Jockie? Na yule mama mchungaji?"

"Niliwaambia mimi wakusifie. Nilidhani nakusaidia."

"Mwanamke wewe," akasema. "Nusura uniuzie bekari."

Halafu akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mkewe. Alilia akiwa ameshika rowi ile kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika, na mimi nikasimama pale nikikunjakunja karatasi tupu. Alipotulia akajifuta kwa tai, akatazama nusu iliyobaki mkononi. Niliona jinsi alivyoitamani. Mtu aliyekaa miezi saba bila chumvi hawezi kuficha hamu yake. Akaiweka sahanini na kuisukuma upande wangu.

"Imalize wewe. Mtoto hataki nife."

Nikaimalizia nikiwa nimesimama, machozi yakinitoka, na chumvi ikazidi.

"Nipe kofia yangu," akasema Dod.

"Umekatazwa kilima."

"Nimekatazwa kupanda. Kushuka hakujaua mtu. Twende polepole, na nikianguka ufurahi kwamba nimeanguka nikielekea kazini."

Tulishuka kwa mwendo wa kobe, akisimama kila nyumba ya tatu kujifanya anatazama bustani za watu. Tulipofika, foleni ilikuwa nje ya mlango. Niliyemwachia kaunta, binti wa jirani, aliponiona akakimbia kwao bila kuaga. Watu wakampisha Dod. Akakataa. Akajipanga nyuma kabisa, nyuma ya Jockie Mair, kofia mkononi, kama mteja yeyote.

"Dod!" Jockie akasema, akanitupia jicho, akavuta pumzi kama mtoto anayeanza kukariri shairi shuleni. "Yaani rowi za binti yako leo ni tamu sana, zina..."

"Jockie, funga mdomo."

Foleni ikacheka, Jockie akashusha pumzi. "Asante," akasema. "Ilikuwa inanichosha."

Elspet akatoka nyuma na trei mbili, akamwona. Nilidhani ataziangusha. Aliziweka chini kwanza, akaja hadi ukingoni mwa kaunta.

"Baba! Nani amekuruhusu kushuka?"

"Nani amekufundisha kuoka?"

Elspet akanitazama mimi, akayatazama makombo kwenye sweta langu, akaelewa.

"Wewe ndiye ulinifundisha," akamjibu.

"Basi mimi sikukufundisha kutoa trei mapema. Ile niliyokula asubuhi katikati haikuiva. Ina unyevu."

"Imeiva."

"Haijaiva! Lile tanuri kona ya kushoto lina joto la uongo. Juu panaiva, katikati bado. Unageuza trei dakika ya nane."

"Nageuza ya saba."

"Ndiyo maana haijaiva!"

"Ukigeuza ya nane ukingo unaungua. Unga wa siku hizi si unga wa enzi zako, baba. Una sukari zaidi."

Dod akaizungusha kofia mkononi. Watu wa foleni walikuwa wamesahau rowi zao. Walitazama huku na huku, kila aliyesema wanamgeukia.

"Umekunja mara ngapi?" akauliza, sauti imeshuka kidogo.

"Nne."

"Nilikuambia tatu. Babu yako alikunja tatu."

"Nne zinashika mafuta vizuri zaidi."

Nilimwona Dod akiirudia ile rowi kichwani, tabaka moja moja. "Nne," akasema mwishowe. "Nne sikuwahi kujaribu." Kisha akakumbuka yuko wapi, akakaza uso. "Lakini dakika ni nane."

"Umekula nzima?" Elspet alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"Nusu. Muulize Ina, yeye ndiye kamaliza, mlafi huyu."

"Kesho unarudi kwenye zako."

"Narudi kwenye zangu. Lakini na tuambiane, Elspet. Ni mbaya. Nimewahi kula biskuti za melini zilizokaa mwaka mzima, na zako zimezishinda."

"Najua ni mbaya."

"Zinasikitisha."

"Najua, baba. Utazila."

"Nitazila." Akavaa kofia. "Ina, nenda kwenye simu. Kuna wageni wangu wa saa nne. Waambie wasijisumbue kupanda, hakuna kinachouzwa hapa isipokuwa kilichomo kwenye trei."

"Wageni gani?" Elspet akauliza.

"Nitakueleza jioni. Utakasirika, jitayarishe."

Jockie akaahirisha rowi zake, akamchukua Dod kwenye gari lake dogo na kumrudisha juu. Niliwasikia wakibishana kuhusu dakika saba na nane kabla mlango haujafungwa, ingawa Jockie hajawahi kuoka chochote maishani mwake.

Nilipiga simu ile, nikaihudumia foleni mpaka ikaisha. Hakuna aliyesifu kitu. Mke wa mchungaji alipokea mfuko wake, akasema, "Zitafaa," akatoka akionekana kapumzika. Ndipo nikaenda nyuma kupokea adhabu yangu.

Elspet alikuwa ameketi juu ya gunia la unga, lile lile pembeni mwa tanuri, aproni ameifunika usoni. Mabega yalikuwa yakimcheza.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Nilikuapia, nimevunja. Lakini alikuwa anataka..."

"Wewe na mimi tutaongea, shangazi. Si leo." Akashusha aproni. Uso wote ulikuwa machozi na unga, na alikuwa anacheka. "Umemsikia? Amesema haijaiva."

"Duka zima limemsikia."

"Amesema katikati ina unyevu. Ameniuliza nakunja mara ngapi." Akajifuta pua kwa mkono, akaacha alama ya unga hadi sikioni. "Mimi ndiye niliyezioka zile mbaya, shangazi. Nilijua zilivyo. Na yeye kila asubuhi, miezi saba, ananitazama usoni na kuniambia nzuri sana, mwanangu, nzuri sana. Nilidhani ameshanikatia tamaa."